Dramu Iliyogeuka Kengele ya Mtakuja

Nilicheka kwenye matanga ya mume wangu, na wanangu bado wananitazama kwa jicho la pembeni. Wala si kutabasamu. Nilicheka hadi nikashika mbavu, siku ya tatu, wanawake wamejaa kwenye mikeka, mwenyewe nimejitanda shuka jeupe la eda na macho yamevimba kwa kulia. Aliyenichekesha aliingia uani kwetu hapa Isevya bila hodi, mwanamke wa makamo, mwili umejaa, mbeleko mgongoni imebeba kitu kizito hadi anatembea ameinama. "Muuaji yuko wapi?" aliuliza kwa sauti. "Yuko wapi Mzaramo aliyemlisha ndugu yetu nazi miaka yote hadi moyo ukateleza?" Mkwe wangu, aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam, akainuka kutaka kumtoa. Yule mwanamke hakumjali. Alinifikia, akafungua mbeleko, akautua mzigo wake mbele yangu: dramu ya breki ya kombi, imeshika kutu na ina ufa ubavuni. "Mlitupatia hii mkachukua ya kwetu," alisema. "Hii imekufa. Nataka yetu." Hapo ndipo kicheko kiliponiponyoka, na kicheko kikageuka kilio, naye akaketi akanikumbatia tukalia pamoja.

"Mama, huyu ni nani?" mwanangu mkubwa aliniuliza baadaye. Nikamwambia ni mtani wangu, tena ni somo yangu, ana jina langu lilelile la Mwamvua, amwache. Vijana wetu hawaujui tena utani. Wanadhani ni vichekesho vya redioni. Sisi watu wa pwani na Wanyamwezi tumetaniana tangu misafara ilipokuwa ikitoka huku Tabora kwenda baharini na kurudi, watu wakifa njiani na kuzikwa na wageni, na anayekuzikia ndugu yako porini huwezi tena kumnunia. Mtani anakutukana msibani, anachukua kitu chako mbele ya macho yako, na ukikasirika wewe ndiye mwenye aibu. Haki hiyo niliwahi kuitumia mara moja tu kwa nguvu zangu zote, mwaka nilipoanza kazi, na ndiyo iliyoleta dramu ile kwenye matanga. Basi nitausimulia mwaka huo.

Habari za kwetu Kisarawe na nani alinizaa hazihusiki hapa. Nilishuka stesheni ya Tabora nikiwa muuguzi mkunga, msichana mkali, mwembamba, na sanduku la bati, nikapangiwa kliniki ya mama na mtoto iliyokuwa ikizunguka vijijini. Nilipanga chumba kwa Bi Tausi, mjane wa mjini aliyekuwa akishona kofia. Kuta za nyumba yake hazikufika kwenye paa, ziliishia juu ya mlango, kwa hiyo maneno yalikuwa yakiruka chumba hadi chumba kama kuku. Nikiwa kitandani nilijua nani kakosa sukari dukani, nani katoroka kijiji cha Ujamaa na kurudi kwenye mahame yake, na watu wanasemaje juu yangu. "Huyu Mzaramo hatadumu," niliwasikia. "Hajaona bahari mwezi mzima, ataugua." Asubuhi Bi Tausi alinigongea na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, pamoja na karanga na chai ya rangi. Siku ya kwanza nilitafuna nikadhani natafuna mkanda. Ndani ya mwezi nilikuwa nayaiba jikoni kwake, naye anajua, ananyamaza.

Gari la kliniki lilikuwa kombi kuukuu, rangi ya maziwa yaliyoganda, kioo cha mbele kimegawanyika vipande viwili. Ndani lilinuka dawa ya kusafishia vidonda na asali, maana akina mama wa upande wa Sikonge hawakukubali uondoke mikono mitupu, na chupa zilimwagika. Dereva wake alikuwa Hamisi. Nimwelezeje Hamisi, mtu niliyelala ubavuni mwake maisha yangu yote? Alikuwa mrefu, mpole, mzito wa maneno, na hakuwahi kumpa mtu mkono bila kuufuta kwanza, hata ukiwa msafi. Aliniita sista kama walivyoniita wote, mimi nikamwita Bwana Hamisi. Njiani nilimchokoza kwa utani wetu. "Nyie babu zenu walikuwa wapagazi, leo mmepata gari mnajiona." Anaendesha kilomita nzima kimya, nadhani hajasikia, halafu anasema, "Na nyie babu zenu walikuwa wamekaa wanatusubiri tuwaletee." Kisha anarudi kwenye ukimya wake. Nilimngojea azungumze kama mtu anavyongojea mvua za kwanza, na sikujua bado kwa nini nangojea.

Katika vijiji vyetu kimoja kiliitwa Mtakuja, katikati ya miombo, watu wake wamekusanywa juzijuzi kutoka makazi yao ya mbalimbali. Huko aliishi Nyamizi. Alikuwa rika langu, mwenye pengo la meno ya mbele na kicheko cha kujificha nyuma ya kiganja, na mumewe alikuwa mrina asali, wiki kwa wiki yuko porini na mizinga yake. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni. Wa pili alitolewa kwa kisu hospitalini, akaishi siku chache. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, na daktari alishasema wazi kwamba uchungu usimkute kijijini, kwa sababu lile kovu litaachia na tutampoteza yeye na mtoto. Nilimshika mikono nikamwahidi kwamba mwezi ukikaribia nitamfuata na kombi, atakaa mjini hadi ajifungue. "Wapasha!" alinishukuru kwa Kinyamwezi, halafu kwa Kiswahili akaniambia, "Usinidanganye tu, sista. Wengi wameniahidi." Nikamwapia.

Wiki chache kabla ya muda wake, tukiwa tunarudi mjini, Hamisi alikanyaga breki, tukasikia mlio wa chuma kutoka nyuma upande wa kulia. Aliendesha mwendo wa jongoo hadi gereji ya fundi Seifu, Kanyenye, wakapiga jeki, wakavua gurudumu. Nilisimama pale nikaona kwa mara ya kwanza kile kilichokuwa kikinisimamisha kila siku. Dramu ni kama sufuria ya chuma, inazunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna vipande viwili vilivyopinda, mafundi wanaviita breki shuu, vimepigiliwa ribiti zenye kushika kitambaa kigumu. Ukikanyaga, vinapanuka na kuibana dramu isizunguke. Hamisi aliitundika dramu ya kushoto kwa waya, akaigonga na spana. Ikaimba, ngeeee, sauti nyembamba iliyokaa hewani. Akaitundika ya kulia akaigonga. Kwap! Kama chungu kilichopasuka. "Imekwisha," alisema, akaishusha chini taratibu kana kwamba itaumia.

Vipuri mwaka ule vilikuwa hadithi. Seifu, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi, alihangaika mji mzima akarudi anachekelea na dramu moja ya kombi la toleo jipya, pamoja na breki shuu zake. Ilikuwa pana kuliko ile yetu kwa upana wa kidole. "Upande wa kulia tunavalisha hii na shuu zake, kushoto inabaki ya zamani. Gari litasimama, ndugu yangu, breki ni breki." Hamisi aliuliza swali moja tu. "Ndugu yake yuko wapi?" Maana yake, mwenzake wa kushoto. Seifu akasema hakuna, ni hiyo moja. Wakaifunga hivyohivyo, mimi nikapanda kwa kiherehere changu, tukaenda kuijaribu kwenye barabara ya vumbi nje ya mji. Hamisi alikimbiza, akakanyaga. Upande wa kulia ulishika barabara, wa kushoto ukaendelea na safari, na kombi lote likazunguka. Vumbi lilipotulia tulikuwa tunatazama tulikotoka, na kofia ya Hamisi iko mapajani mwangu. "Gari limekumbuka nyumbani," nilisema, meno yakigongana. Hakucheka. Alirudisha gari kwa mwendo wa kutembea, akaliegesha gereji na kusema halitoki tena hadi dramu zifanane.

Tuligombana, tena vibaya. Nilimwambia gari lenye breki za kombo ni afadhali kuliko hakuna gari, kwamba ambyulensi haina matairi, kwamba kumpandisha Nyamizi na kovu lile juu ya marobota ya lori la tumbaku ni kumuua. "Akifa utamwambia nini Mungu? Kwamba dramu hazikufanana?" Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kwa kidole. "Sista, wewe ungemshona mtu kidonda upande mmoja ukauacha wa pili? Barabara ya Sikonge ina ng'ombe, ina madaraja ya magogo. Nikikanyaga breki na yeye yuko nyuma amelala, gari likageuka, tumemuua kwa mikono yetu. Nitafutie mwenzake hii dramu nikupeleke hata usiku wa manane." Nilijua anasema kweli, na ndiyo maana nilizidi kumchukia. Nililala bila kula. Nyuma ya ukuta Bi Tausi alisema kwa sauti ya kunisikilizisha, "Wenye hasira wamebakiziwa ugali, uko juu ya mtungi."

Kesho yake nilikwenda gereji kwa hasira, na kesho kutwa nikaenda tena, na hasira ikaisha nikawa naenda tu. Hamisi alikuwa amechonga kijiti cha mninga. Urefu wake ulikuwa sawasawa na mdomo wa ile dramu yetu nzima, na alama ya kisu ilionyesha kina chake. Alichonga vingine akawagawia madereva wa malori, na mimi akanipa kimoja. "Ukiona dramu popote, hata kwenye shimo la taka, ipime." Wakaleta. Ya Landrova, ya trekta, ya gari ambalo hakuna aliyelijua jina. Kila iliyoletwa aliitundika akaigonga, na mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, natafuna karanga zangu, nikajifunza kuzitambua kwa sikio kabla kijiti hakijaingia. Nzito zinanguruma, zilizopasuka zinakohoa. Ya kwetu ilikuwa na sauti yake, nyembamba, na mwisho wake inatetema kidogo. Mchana mmoja aligonga ya kwetu bila sababu yoyote, akanitazama, akagonga tena. "Unaipenda?" aliniuliza. Nikamwambia ndiyo, naipenda. Sijui hadi leo tulikuwa tunazungumzia nini.

Muda wa Nyamizi ulikuwa unakaribia na mimi sina gari. Nikaomba lifti kwenye lori la tumbaku lililokuwa linapita Mtakuja, nikamwone japo kwa macho, na kijiti changu nimekitia kwenye mkoba wa kazi. Nilimkuta anapura mtama, tumbo limeshuka. Nilimpima, mtoto amekaa vizuri, moyo unapiga, nikashukuru. Lori lingerudi kesho yake, kwa hiyo nikalala kwake. Alinipikia ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kayaunga kwa karanga zilizosagwa, nikala hadi nikaona haya. Hakuniuliza gari liko wapi. Aliniuliza pwani watu wanakula nini, na kama ni kweli maji ya bahari hayanyweki, basi mnafaidi nini. Alipozima kibatari akasema, "Wewe umekuja, lakini." Maneno hayo yalinikata kuliko kama angenilaumu.

Alfajiri nikaisikia. Ngeeee, nyembamba, mwisho wake ukatetema. Nilidhani naota niko gereji. Ikapigwa tena. "Nini hiyo?" nilimuuliza Nyamizi. "Kengele hiyo," alinijibu. "Inatuita shamba la ujamaa." Sisi wa kliniki tulikuwa tukifika jua limepanda, hatukuwahi kuisikia. Nilitoka mbio bila viatu. Mbele ya ofisi ya kijiji, kwenye mti mkavu, dramu imening'inia kwa waya, na mzee mmoja anaipiga na kipande cha nondo. Watu wameanza kukusanyika na majembe yao. Nilimwomba asimame kidogo, nikachomeka kijiti. Kikaingia kikagusa huku na huku, wala hakikulegea. Nikapima kina, kikafika kwenye alama. Katikati lilikuwepo lile tundu lenye meno kama la kwetu. Nikaushika mti kwa mikono miwili.

Aliyekuwa anapiga kengele ndiye mwenyekiti mwenyewe, Mzee Lugala, mtu wa nidhamu, shati limefungwa hadi shingoni. "Shikamoo, mzee," nilimwamkia, nikamweleza yote, gari, breki, Nyamizi. Alinisikiliza vizuri. Kisha akatikisa kichwa. "Marahaba, mwanangu. Lakini hii si yangu, ni mali ya kijiji. Tumeitoa kwenye gari bovu lililotupwa, tukaipitisha kwenye mkutano. Nikiitoa leo, kesho watu wataamka kila mtu na saa yake, na wa wilaya watauliza. Subiri tuitishe mkutano." Mkutano lini? Baada ya palizi. Baada ya palizi Nyamizi angekuwa kaburini. Nilimtazama yule mzee, nikaona si mbaya, anaogopa tu, na mtu anayeogopa humshindi kwa hoja. Basi nikaacha kuwa muuguzi, nikawa Mzaramo.

Nilivua kanga yangu ya pili, nikaifungua ile dramu kwenye waya, ikaniangukia kifuani nusura inilaze chini, nikaitupa mgongoni na kufunga mbeleko. "Jamani watani!" nilipiga kelele. "Nimejifungua, njooni mwone mtoto!" Majembe yakasimama. "Hatembei, hanyonyi, lakini sauti anayo. Babu zenu walibeba mizigo ya babu zangu kutoka hapa hadi baharini, hakuna aliyewazuia. Leo mjukuu wa pwani kabeba mzigo wenu mmoja tu, mnamwambia asubiri mkutano? Haya, anayetaka mtoto wangu aje amnyang'anye mzazi!" Halafu bibi mmoja mbele kabisa akaachia kigelegele, na wanawake wote wakampokea. "Mwenyekiti, umeibiwa!" walipiga kelele. "Umeibiwa na mtumwa wako!" Mzee Lugala alijaribu kukunja uso. Midomo ikamsaliti. Alicheka hadi akafungua kifungo cha shingoni, nadhani kilikuwa hakijafunguliwa tangu uhuru. "Kwa mtani nimeshindwa," alisema, akijifuta machozi. "Mkutano haunihukumu kwa utani. Lakini rehani uache. Tutajuaje saa?" Nikabandua ile saa yangu ya uuguzi iliyokuwa ikining'inia kifuani, nikambandikia kwenye shati lake. Akakaza mgongo kama askari. Nilipokuwa napanda lori watu walikuwa wameshapanga foleni kumuuliza saa ngapi.

Niliingia gereji kwa Seifu mchana, vumbi hadi kwenye kope, dramu bado iko mgongoni kwa sababu sikukubali kuitoa. Hamisi aliinuka kutoka chini ya gari. Alifuta mikono, akaja nyuma yangu, akaipokea kwa mikono miwili wakati nafungua mbeleko, akaitundika. Akagonga ya kwetu, akagonga ya Mtakuja. Zikaitikiana. Seifu akasema, "Lahaula!" Hamisi alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kombi, na mabega yanamcheza.

Ndani ilikuwa na kutu, kwa hiyo alizipeleka zote mbili karakana ya reli kwa rafiki yake mwenye mashine ya kukereza chuma. Nilimuuliza kwa nini hata ile nzima ya kwetu inakerezwa. Akasema ukimnyoa pacha mmoja, mnyoe na wa pili. Walikereza kidogokidogo, wakipima, hadi kijiti kimoja kilichochongwa upya kikaingia kwenye zote mbili bila kulegea. Breki shuu za kushoto na kulia zikapigiliwa kitambaa kilichokatwa kwenye kipande kimoja, springi zikabadilishwa pande zote, hata iliyokuwa nzima. Kisha tukatoka tena kwenye barabara ile ya vumbi. Safari hii aliniambia nishuke, nisubiri pembeni. Alikwenda mbali, akarudi anakimbiza, akakanyaga mbele yangu. Kombi lilisimama, pua mbele, halikutikisika. Akateremka, akaenda nyuma ya gari, akachuchumaa. "Sista, njoo uone." Kwenye vumbi jekundu kulikuwa na michirizi miwili ya matairi ya nyuma, imenyooka, imeanza pamoja na kuishia pamoja. Tulichuchumaa pale tukaitazama hadi mwendesha baiskeli mmoja akasimama kutuuliza tumepoteza nini.

Tulimfuata Nyamizi kesho yake. Alikuwa ameketi mlangoni na kifurushi cha nguo amekishika mapajani, na majirani waliniambia aliketi hivyo kila asubuhi tangu niondoke. Nilimlaza nyuma kwenye godoro, kichwa chake mapajani mwangu. Njiani, pale barabara inapotelemkia daraja la magogo, kundi la ng'ombe likachomoza kwenye vumbi, limejaa barabara yote. Nilifumba macho. Nilisikia Hamisi anakanyaga, nikasikia uzito wa gari ukija mbele taratibu, kisha kimya, na kengele ya shingoni ya ng'ombe inalia karibu na kioo. Nyamizi akainua kichwa. "Tumefika?" Nikamwambia bado, lala. Usiku uleule alianza uchungu, akiwa wodini, na madaktari hawakusubiri, wakampeleka kwenye kisu. Nilimpokea mtoto mimi mwenyewe, msichana, akalia kwa hasira kana kwamba sisi ndio tuliochelewa. Nilipotoka nje kumwambia Hamisi, alikuwa barazani, hajaenda kwao. Nikampa mkono. Kwa mara ya kwanza alisahau kufuta wa kwake.

Nyamizi alimpa mtoto jina langu. Mwezi uliofuata tuliwapelekea Mtakuja ile dramu pana ya Seifu iwe kengele yao. Ilikuwa na sauti ya kikohozi cha mzee, wakalalamika miaka na miaka kwamba inawachelewesha shamba. Mzee Lugala alikataa katakata kurudisha saa yangu, akasema ni haki ya mtani, na alizikwa bila kuirudisha, Mungu amrehemu. Na jioni moja, nikiwa kitandani, nikasikia juu ya ukuta sauti ya dada yake Hamisi. "Kaka anasema ni yule Mzaramo, hataki mwingine. Lakini Bi Tausi, mwanamke wa nazi yule, michembe yetu ya viazi vikavu ataiweza?" Bi Tausi akajibu, "Michembe? Matobolwa yangu ananimalizia huyo." Nikakohoa ili wajue nasikia. Bi Tausi akauliza kwa sauti kubwa, "Basi kikohozi hicho ni ndiyo au ni hapana?"

Kombi lilipokufa, Hamisi alivua dramu ile ya Mtakuja akaileta nyumbani. Miaka yote imekaa mlangoni, inazuia mlango usigongwe na upepo. Ndiyo aliyokuja kuidai somo, yule mtoto wa Nyamizi, ile pana ya Seifu ilipopasuka. Siku ile ya tatu aliiinua, akaigonga na mwiko wa jikoni, nayo ikaimba, na waliokuwa kwenye mikeka wakageuka. Alikuwa sasa mwalimu, kengele ni ya shule yao. Alipokuwa anaifunga mgongoni aliwaona wanangu wamesimama pamoja, na akili zake hazilali, akajua wanachokipanga. Walikuwa wameshaniambia kwamba eda ikiisha nitakwenda kukaa nao Dar es Salaam, kwani hapa nimebaki na nani? Akaniinamia. "Haya, Mzaramo. Upande mmoja umekatika. Sasa utageuka utazame ulikotoka?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ndilo swali nililokuwa nalo kila nikiugusa upande wa Hamisi kitandani.

Nilikaa eda yangu yote, miezi ile minne na siku zake, ndani ya nyumba yenye mlango unaojigongagonga. Asubuhi ya kuondoka mwanangu alikuja na gari, akapakia sanduku, injini inanguruma nje. Simu yangu ikaita. Alikuwa somo. Hakunisalimia, alisema tu, "Sikiliza." Nikasikia watoto wakipiga kelele kwa mbali, kisha ikapigwa. Ngeeee. Sauti ileile, nyembamba, mwisho wake ukatetema. Nilitoka nje nikamwekea mwanangu simu sikioni, naye akasikiliza hadi mwisho, akanitazama usoni. Nikamwambia azime gari, ateremshe sanduku, aingie ndani tule, matobolwa yako tayari.